Je, Yafaa Kumtetea Aliyeshtakiwa?



Usiku mmoja katika darasa yetu, baada ya sala ya Isha, palizuka maneno ambayo hatukuona vyema yaishie pale barazani. Yuko kijana katika mji wetu aliyesoma sheria, na kazi yake ni kusimama mahakamani kuwatetea walioshtakiwa kwa makosa ya jinai: wizi, unyang'anyi, madawa ya kulevya na hata kuua. Mzee mmoja, mtu wa safu ya mbele msikitini na mwenye heshima kwetu sote, alimgeukia akamwambia mbele ya watu: "Mwanangu, riziki unayoila ina shubuha. Mwizi amekamatwa, nawe wenda kumfungulia mlango." Kisha akaitaja aya ya 105 ya Sura ya An-Nisaa, ambamo Mtume (S.A.W.) anakatazwa kuwa mtetezi wa wahaini. Kijana akainamisha kichwa, asijibu kitu ila, "Nimesikia, baba." Waliokuwapo wengi walimwafiki mzee. Tulipoombwa nasi tuseme, tuliomba muda, kwa kuwa jambo linalogusa roho za watu na uhuru wao halifai kujibiwa kwa haraka, mtu akiwa na kikombe cha kahawa mkononi.

Haya basi ndiyo majibu yetu.

Kwanza yatupasa tumfanyie uadilifu mzee wetu. Hakusema kwa chuki. Duka lake limevunjwa mara mbili, na mara zote mbili hakurudishiwa hata shilingi moja. Uchungu wake ni wa kweli, na aliyeibiwa ni mtu aliyedhulumiwa, haki yake ni deni juu ya jamii nzima. Mwenye kuzitaja haki za mshtakiwa akamsahau aliyeibiwa, huyo amepima kwa mizani yenye kitanga kimoja.

Lakini katika maneno ya mzee mna neno moja lililopita bila ya kukaguliwa, nalo ndilo lililobeba mzigo wote. Alisema, "Mwizi amekamatwa." Nani aliyemjulisha kuwa ni mwizi? Kuwa amekamatwa, hilo lina hakika. Kuwa ni mwizi, hilo ndilo linalotafutwa, na mahakama imewekwa ili ilitafute. Mwenye kumwita mwizi tangu siku ya kukamatwa amekwisha kuhukumu, kisha amebakisha kumlaumu wakili kwa kuipinga hukumu ambayo hakimu hajaitoa.

Na ajabu ni kuwa aya aliyoisoma mzee wetu, ukiirudisha mahali pake, yasimama upande wa kijana.

Wafasiri wametueleza sababu ya kuteremka aya hizo, ingawa riwaya zahitilafiana katika majina na katika baadhi ya mambo. Iliyo mashuhuri ni kuwa mtu mmoja wa Madina, aitwaye Tu'ma bin Ubayriq, wa ukoo wa Bani Dhafar katika Ansari, aliiba deraya ya vita katika nyumba ya jirani yake. Deraya ilikuwa ndani ya mfuko wa unga, na mfuko una tundu, basi unga ukawa wadondoka njia nzima. Alipoona kuwa atagunduliwa, akaipeleka deraya kwa Myahudi mmoja akaiweka kwake. Watu wakafuata alama ya unga mpaka wakaikuta kwa yule Myahudi. Akasema kuwa amewekewa amana, na aliyemwekea ni Tu'ma. Hapo ukoo wa Tu'ma wakaenda kwa Mtume (S.A.W.) kumsafisha mtu wao: mwenzetu ni mwema, na mwizi ni yule ambaye mali yameonekana kwake.

Tazama, ewe msomaji, jinsi dhahiri ya mambo ilivyokuwa. Mali yamekutwa nyumbani kwa mtu. Wanaomshtaki ni Waislamu, nao ni wengi. Yeye ni mmoja, tena si wa dini yao. Mtume (S.A.W.) alikuwa akihukumu kwa yale yanayomdhihirikia, na alikaribia kuyakubali maneno ya wale jamaa. Ndipo wahyi uliposhuka ukambainishia kweli, na yule Myahudi akaondolewa tuhuma. Na katika aya hizo hizo, ile ya 112, mna onyo kuwa mwenye kufanya kosa kisha akamtupia asiye na hatia amejitwisha uzushi na dhambi iliyo wazi.

Basi mhaini aliyekatazwa kutetewa hakuwa yule aliyekamatwa na mali. Alikuwa ni yule aliyekaa kwao salama, jamaa zake wakimzunguka, huku mwingine akibebeshwa kosa lake. Na aliyekamatwa na mali, ambaye mji mzima ungemwita mwizi, alipata mtetezi, na mtetezi wake alikuwa ni Mola wa walimwengu wote. Je, yafaa aya iliyoteremka kumwokoa mshtakiwa igeuzwe kuwa fimbo ya kuwapigia wanaowatetea washtakiwa?

Wala jambo hili halikusimama juu ya aya moja. Sheria yetu imejaa mafundisho ya namna hii, nasi tutataja machache.

La kwanza ni kuwa mzigo wa kuthibitisha uko juu ya mwenye kudai. Mtume (S.A.W.) amebainisha kuwa lau watu wangepewa kwa madai yao matupu, wangetokea watu wa kudai damu na mali za wenzao. Kwa hivyo mshtaki ndiye atakiwaye alete ushahidi. Asili ya mtu ni kuepukana na lawama, na mwenye kudai kinyume cha asili ndiye mwenye kazi ya kuonyesha.

La pili ni kusikilizwa. Ali bin Abi Talib (R.A.) alipotumwa Yemen kuwa kadhi, aliusiwa asimhukumie wa kwanza mpaka amsikie na wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Na baadhi ya wafasiri, katika kisa cha Nabii Daud (A.S.) na wagomvi wawili kilichomo katika Sura ya Swad, wamesema kuwa kosa aliloliombea maghufira lilikuwa ni kutoa hukumu kabla ya kumsikia mwenye kondoo wengi. Ikiwa Nabii anaomba maghufira kwa jambo hilo, sisi tunaohukumu kwa maneno ya njiani tutasema nini?

La tatu ni kuwa shaka humfaa mshtakiwa. Mafakihi wameshika kanuni kuwa adhabu za hudud huondoshwa kwa shubuha, na kuwa kiongozi kukosea katika kusamehe ni bora kuliko kukosea katika kuadhibu. Sanadi za riwaya hizo zimezungumzwa na wanavyuoni, lakini maana yake imefanyiwa kazi katika vitabu vya madhehebu zetu. Na alipokuja Maiz (R.A.) kukiri zinaa kwa ulimi wake mwenyewe, Mtume (S.A.W.) alimgeuzia uso mara baada ya mara, akamuuliza kama ana wazimu, akamtajia kuwa labda alibusu tu. Huyo ni mtu aliyekiri, na bado alifunguliwa milango ya kutokea.

La nne ni kuwa kukiri kwa kupigwa si kukiri. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, amenakili katika Kitab al-Kharaj kauli ya Umar (R.A.) kuwa mtu hawi mwaminifu juu ya nafsi yake akiwa ametiwa njaa, au ametishwa, au amefungwa. Na katika Sunan ya Abu Daud mna kisa cha watu walioibiwa mali wakawatuhumu wafumaji fulani. An-Nu'man bin Bashir (R.A.) akawazuia wale wafumaji siku chache kisha akawaachilia. Walioibiwa wakaja kulalamika: umewaachilia bila ya kuwapiga? Akawajibu kuwa akipenda atawapiga. Mali yakitokea ni sawa, na yasipotokea, atawapiga wao walioshtaki viboko vilivyo sawa na hivyo. Wakamuuliza: hiyo ndiyo hukumu yako? Akawaeleza kuwa hiyo ndiyo hukumu ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Lau kanuni hiyo ingewekwa leo katika kila kituo cha polisi, na kila mwenye kutaka mtuhumiwa apigwe akaambiwa atandike mgongo wake kuwa rehani, kelele zingepungua sana.

La tano ni uwakili wenyewe. Ali (R.A.) hakupenda kuhudhuria magomvi, basi alimuwakilisha ndugu yake Aqil, na Aqil alipokuwa mtu mzima akamuwakilisha Abdallah bin Jaafar. Kumwekea mtu mwingine akusemee mbele ya kadhi si bidaa ya Wazungu.

Huenda mtu akasema: hayo ni ya Sheria ya Kiislamu, na kesi za jinai katika nchi hii haziendi kwa kadhi. Ni kweli. Kwa Kifungu cha 170 cha Katiba, mahakama za kadhi zashughulika na hali za watu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, kwa Waislamu waliokubali kuhukumiwa huko. Jinai ina sheria yake: mpaka mwaka 1930 zilitumika kanuni za adhabu zilizotoka Bara Hindi, kisha zikaja zilizoandikwa kwa ajili ya Kenya. Lakini uadilifu haubadiliki kwa kubadilika jengo. Na mwenye kuisoma Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ataona mambo anayoyajua.

Kifungu cha 49 chasema kuwa aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake. Kuwa ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Kuwa asilazimishwe kukiri. Kuwa afikishwe mahakamani si zaidi ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia wakati mahakama imefungwa. Na kuwa aachiliwe kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, ila ikiwa pana sababu nzito za kumzuia. Kifungu cha 50 chasema kuwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike. Kuwa apewe muda wa kujitayarisha, akabili ushahidi wa mshtaki, apate mkalimani bila ya malipo asipoifahamu lugha ya mahakama, na aweze kukata rufani. Na kuwa serikali imwekee wakili kwa gharama yake ikiwa bila ya hivyo dhuluma kubwa itatokea. Na Kifungu cha 25 kimeitia haki ya kuhukumiwa kwa uadilifu katika haki chache zisizoweza kupunguzwa. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya msaada wa kisheria kwa wasiojiweza. Twaona kuwa mengi katika hayo ni yale yale tuliyoyataja. Basi kwa nini tuyaonee haya, kana kwamba ni hila za mawakili?

Hapa twalazimika kusema jambo linalotuuma. Miaka kadhaa iliyopita, asubuhi, karibu na soko, kijana mmoja alishikwa kwa sababu ya simu. Mtu mmoja alipiga ukelele wa "mwizi!" na watu wakajaa, kila mmoja na alichookota. Sisi tulikuwa twapita, twaharakia maziko. Tulisema "Mwacheni!" mara moja, kwa sauti ambayo haikusikika, kisha tukashika njia yetu. Siku ya tatu tukasikia kuwa amekufa hospitali. Mpaka leo hatujui kama aliiba au hakuiba, wala hatutajua, kwa kuwa aliyeweza kuulizwa amezikwa. Siku ile palikuwa na mshtaki mmoja, mahakimu mia, na hapakuwa na wakili. Na sisi tuliosoma Sura ya An-Nisaa kwa masheikh zetu, tukaisomesha, tulikuwa tumesimama hapo, tukapita.

Wala si hilo tu. Huko Kilifi, vikongwe wametuhumiwa uchawi na wakauawa kwa mapanga, mara nyingine na watoto wa ndugu zao, na mara nyingi nyuma ya tuhuma mna shamba linalotakiwa. Hata ikabidi wengine wakimbilie kambi ya Kaya Godoma, huko Ganze, ili wapate kuishi. Na katika pwani yetu hii wapo vijana wetu waliotuhumiwa ugaidi wakauawa bila ya kuhukumiwa, au wakachukuliwa wasionekane tena, na mama zao wangali wauliza. Sheikh Aboud Rogo Mohammed alipigwa risasi akafa Mombasa, tarehe 27 Agosti 2012, hali kesi yake iko mahakamani haijatolewa hukumu. Mtu anaweza kuyapinga mafundisho yake toka mwanzo hata mwisho, na wengi katika Waislamu waliyapinga. Lakini haki ya kuhukumiwa haikuwekwa kwa ajili ya tunaowapenda tu. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 8, tumekatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Na vilevile waliouawa gizani kwa tuhuma ya kuwa wapelelezi wa serikali, damu yao ni damu. Anayelia kwa mmoja akanyamaza kwa mwingine hatetei haki, atetea kundi lake, kama walivyofanya Bani Dhafar.

Yamebaki maswali mawili ambayo mzee wetu ana haki ya kujibiwa.

Swali la kwanza: je, kwa njia hii waovu hawataponyoka? Wako watakaoponyoka, wala hatulifichi hilo. Lakini aliyeponyoka kwa kukosekana ushahidi hakuiponyoka hesabu. Mbele yake pana mahakama isiyohitaji shahidi. Ama asiye na kosa akafungwa, hapo yamepatikana makosa mawili kwa pamoja: mmoja amedhulumiwa, na mwizi wa kweli amebaki mtaani, tena akiwa na amani, kwa kuwa hakuna amtafutaye tena. Mzee wetu, aliyevunjiwa duka mara mbili, ndiye wa kwanza kupata hasara kwa mtu asiyekuwa kufungwa. Wakili anayembana shahidi wa uongo na kumtaka polisi afanye kazi yake sawasawa amfanyia hisani aliyeibiwa, ajapokuwa hajui.

Swali la pili: je, wakili hana mpaka? Anao, na hapa ndipo onyo la aya linapomhusu. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa huenda mmoja wetu akawa fasaha wa hoja kuliko mwenziwe, akahukumiwa kwa ufasaha wake kilicho haki ya ndugu yake, na kwa hakika amekatiwa kipande cha moto. Kwa hivyo twamwambia kijana wetu: yafaa kwako kumtaka mshtaki athibitishe, kumhoji shahidi, kuukataa ushahidi uliopatikana kwa mateso, na kumwombea hata aliyekosa adhabu iliyo ya kadiri yake. Hayo wamfanyia hata ambaye moyo wako wamshuku, kwa sababu moyo wako si hakimu. Lakini haifai kumfundisha shahidi uongo, wala kuficha ushahidi, wala kununua kesi, wala kumtupia kosa mtu unayejua kuwa hana. Ukifanya hivyo umeacha uwakili, umeingia katika ukoo wa Bani Dhafar. Wala usile mali ya maskini kwa kumwahirishia kesi mwaka baada ya mwaka, kwani kumfungia mtu rumande kwa ajili ya ada ni dhuluma iliyovaa joho.

Ama sisi wengine tusiokuwa mawakili, tuna yetu ya kufanya, na si mageni. Tusipeleke picha ya aliyekamatwa katika simu zetu tukiandika chini yake "mwizi", kwani huenda akaachiliwa na picha isifutike. Tuwafundishe watoto wetu haki zao wanapokamatwa, na waseme bila ya matusi: nataka kujua kosa langu, nataka wakili. Aliyeona jambo aende akatoe ushahidi, kwani kesi nyingi zafa kwa kuwa majirani walioona wamejifungia. Kila msikiti uweke fungu la kuwasaidia maskini kwa dhamana na wakili, kama tunavyochangia maziko. Kwa nini tumchangie mtu sanda lakini tusimchangie uhuru wake hali yu hai? Na ukelele wa "mwizi!" ukipigwa, wawepo angalau watu watatu wenye heshima watakaomzunguka mshikwa mpaka afikishwe kituoni, awe ameiba au hakuiba.

Hili la mwisho twalisema kwa kujiusia sisi kwanza.

Na kwa mzee wetu twasema: baba, dua yetu ni ya kuwa upate haki yako na mali yako. Lakini usimtukanie kijana kazi yake. Huenda siku moja mjukuu wako akakutwa mahali pabaya, na mali si yake, na watu wote wamekwisha amini. Siku hiyo utapita nyumba kwa nyumba ukimtafuta mtu mmoja tu atakayekubali kusema, "Subirini, hajasikilizwa."

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na atuepushe na kumdhulumu mtu kwa ulimi, kwa mkono, au kwa kunyamaza. Amin.